Samaki wa kizimba wamekufa usiku mmoja, kihisi kimesoma 0.9: ni sumu, ni maji kugeuka, au napima pasipotakiwa?

#1 Kizimba_Namba_Sita (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Nafuga sato kwenye vizimba Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria, upande wa magharibi. Vizimba vinane vimepangwa kwa mstari, kila kimoja mita 6 kwa 6, nyavu zinashuka mita 3, na kina cha maji pale ni mita 7 hivi. Usiku wa kuamkia Jumanne nimepoteza cha tano na cha sita, vyote viwili. Nimefika asubuhi samaki wameelea matumbo juu, midomo wazi, mashavu yametanuka. Kwenye vizimba vilivyobaki walikuwa juu kabisa wanagombania hewa. Hao wa cha sita walibakiza wiki tatu niwauze.

Nina kihisi kimoja kinachopima oksijeni na joto. Kimefungwa kwenye boya kati ya cha tano na cha sita, mita 2 kwenda chini, kinaandika kila baada ya dakika 15. Jioni kilisoma miligramu 6.1 kwa lita. Kikashuka, kikashuka, na ilipofika 02:15, yaani saa nane na robo usiku, kikasoma 0.9. Joto nalo lilitoka 25.6 likafika 24.9.

Sasa saa nane usiku ndiyo muda mitumbwi ya dagaa inapita karibu na vizimba vyangu, na vijana wangu wa ulinzi wanasema waliona taa. Tumekuwa na ugomvi wa eneo na baadhi yao. Nataka kujua kabla sijaenda polisi: sumu inaweza kushusha oksijeni namna hiyo?

#2 Msomaji_Kimya
Pole sana mkuu. Nimekaa siti ya mbele, ngoja wajuvi waje.

#3 Hoja_Kinzani
Pole mkuu. Nenda polisi leo hii. Ziwani watu wanavulia sumu kila siku, hilo si siri. Una muda, una mashahidi, una ugomvi. Unasubiri nini?

#4 Babu_Sangara
Msimpeleke kijana polisi kwa pupa. Nimevua ziwa hili tangu nina ndevu chache. Maji yakigeuka, yaani ya chini yakipanda juu, utaona yenyewe: upepo unavuma siku mbili tatu, halafu unatulia ghafla, maji yananuka kama yai bovu, na sangara wakubwa wanakuja juu wamelewa. Tulikuwa tunawaokota kwa mikono. Wazee hawakuwa na sensa za oksijeni, ila walijua.

#5 Mtoto_wa_Pangani
Babu, sensa tulishahesabiwa 2022. Hiki ni kihisi 😄

#6 Babu_Sangara
Haya, kihisi. Mimi nahisi kwa pua.

#7 Fundi_Boya
Mleta uzi, pole sana. Kazi yangu ni kufunga vifaa hivi, kwa hiyo niseme ninachokijua.

Kwanza, sumu inaua samaki, haili oksijeni. Ukimwaga dawa ya mimea kwenye maji yenye miligramu 6, samaki watakufa ndani ya maji yenye miligramu 6. Oksijeni inaweza kushuka baadaye wanapooza, lakini hiyo inachukua muda. Kwako namba zimeshuka kwanza.

Pili, angalia waliokufa ni wa ukubwa gani. Oksijeni ikipungua, kwa kawaida wakubwa ndio wanaotangulia. Sumu mara nyingi inaanza na wadogo. Na je, furu, wale samaki wadogo wa porini walioko nje ya vizimba, walikufa?

Tatu, na hili ndilo kubwa: hiyo 02:15 umeisoma wapi? Kwenye simu au kwenye faili lenyewe la kifaa?

#8 Kizimba_Namba_Sita
Kwenye faili mkuu. Nimelipakua kwenye kompyuta. Cha sita walikuwa gramu 350 na kuendelea. Cha tano walikuwa wadogo, gramu 80 hivi, nao wamekwisha. Furu niliona wachache tu wameelea.

#9 Fundi_Boya
Basi sikiliza. Vifaa vingi vya namna hiyo vinaandika kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich, siyo ya kwetu. Sisi tuko mbele saa tatu. Hiyo 02:15 ni 05:15 ya Mwanza, kwa saa zetu ni saa kumi na moja na robo alfajiri. Hakikisha hivi: tafuta kwenye faili ni saa ngapi oksijeni inafika juu kabisa mchana. Ikionyesha 12:00 wakati oksijeni kwa kawaida inafika juu kabisa alasiri, saa tisa hivi, umepata jibu.

#10 Kizimba_Namba_Sita
Nimeangalia siku kumi za nyuma. Kilele kila siku kiko kati ya 11:30 na 12:30. Uko sahihi, mkuu. Ni alfajiri.

Nimekaa kimya dakika kadhaa. Nilikuwa nimeshaandika jina la mtu kwenye karatasi.

#11 Hoja_Kinzani
Hata alfajiri wavuvi wanarudi. Sijashawishika.

#12 Nyar_Nam
Niko Kisumu, nafuga kwa Ghuba ya Winam, upande wa Kenya wa ziwa hili hili. Pole sana ndugu yangu, najua hiyo harufu ya asubuhi. Novemba 2022 huku kwetu vizimba viliangamia kwa siku chache tu, watu walilia ufuoni. Wengi tulisema ni sumu, kiwanda fulani, majirani, kila mtu alikuwa na adui wake. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, wakaja, wakapima, wakasema oksijeni ilishuka sana, maji ya chini yalipanda juu. Kwa hiyo Babu_Sangara hajakosea.

Na si mara ya kwanza. Ochumba wa hapa KMFRI aliandika kuhusu vifo vikubwa vya samaki Winam tangu 1990, akataja dhoruba na mwani. Huo ni wakati ufugaji wa vizimba haujaenea. Wanaosema vizimba ndivyo vilileta shida wakumbuke hilo.

#13 Mwalimu_wa_Mole
@Nyar_Nam naongezea. Mtafiti Talling alipima ziwa 1960 na 1961. Hecky na wenzake waliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuta maji ya chini yanakosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi, na hali hiyo inapanda juu zaidi kuliko zamani. Mbolea, udongo wa mashamba na maji taka vinalisha mwani, mwani unakufa na kuzama, na bakteria wanaouozesha wanaila oksijeni ya chini. Upepo ukilisukuma tabaka hilo kuelekea kwenye ghuba, samaki wa porini wanaweza kukimbia. Wa kwenye kizimba hana pa kwenda.

Lakini kesi ya mleta uzi siioni hivyo. Oksijeni yake ilishuka pole pole tangu jioni. Hiyo ni pumzi ya usiku: mchana mwani unatoa oksijeni, usiku mwani, samaki na tope vyote vinaitumia, na kiwango cha chini kabisa kinafika kabla jua halijachomoza. Maji ya chini yakipanda, oksijeni na joto vingeanguka pamoja ndani ya saa moja au mbili.

#14 Babu_Sangara
Joto si limeshuka? 25.6 mpaka 24.9.

#15 Mwalimu_wa_Mole
Maji ya juu hupoa usiku hata bila kugeuka, Babu. Nyuzi 0.7 haziniambii kitu kwa kihisi kimoja kilichoko mita 2.

#16 Mbeba_Boksi_RI
Hapo sasa. Mimi naishi Providence, Rhode Island, Marekani. Agosti 2003 kwenye kighuba cha Greenwich Bay, sehemu ya Narragansett Bay, walikufa samaki wanaokaribia milioni moja, wengi aina ya menhaden, na harufu yake iliwafukuza watu ufukweni. Baada ya hapo mtandao wa maboya ulipanuliwa, ukawa na vituo zaidi ya 10, kila kituo kina vihisi karibu na juu na vingine karibu na chini, vinasoma kila dakika 15. Tofauti ya juu na chini ndiyo inayowaambia kama maji yamejipanga matabaka.

Na hawakuishia kupima. Mitambo ya kusafisha maji taka ililazimishwa kupunguza naitrojeni wakati wa kiangazi, na hali ya oksijeni imekuwa nzuri zaidi kuliko ya 2003. Kuna miaka mibaya bado, hasa ikinyesha sana. Lakini sasa wanabishana kwa namba.

#17 Mtoto_wa_Pangani
Kwetu baharini hilo halipo kabisa. Pwani yetu maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, bamvua linazidi mita 3. Ghuba inaoshwa kila siku.

#18 Nyar_Nam
"Halipo kabisa" ni neno zito. Uliza Mombasa. Mkondo wa Makupa ulizibwa na tuta kwa miaka mingi, maji hayapiti, taka zinakaa. Mpaka 2022 walipojenga daraja ndipo maji yakaanza kupita tena. Na huku ziwani ni hivyo hivyo: Mbita walijenga tuta miaka ya 1980 kuunganisha Rusinga, wakaziba mlango mmoja wa ghuba. Baadaye likawekwa daraja. Maji yakizuiwa, yanakufa, yawe ya chumvi au matamu.

#19 Mtoto_wa_Pangani
Nimekubali, dada. Niseme "halijazoeleka". Ila bahari ina shida yake nyingine: maji ya chumvi yenye joto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya ziwa. Yakiwa na nyuzi 28 yanabeba miligramu 6 na kitu tu hata yakiwa yameshiba.

#20 Fundi_Boya
Sahihi. Maji matamu ya nyuzi 25 yanashika 8.2 yakishiba, kwa hiyo mleta uzi alianza usiku na 6.1, asilimia kama 74. Si mbaya sana.

#21 Mwalimu_wa_Mole
@Fundi_Boya hapo nakupinga. 8.2 ni kwenye usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu. Hewa huku ni nyepesi, maji ya nyuzi 25 yanashika takribani 7.2 basi.

Na hii ina matokeo. Mleta uzi, ulipokisawazisha kifaa chako hewani, yaani kukirekebisha kisome sawa, uliingiza mwinuko au mgandamizo wa hewa?

#22 Kizimba_Namba_Sita
Hapana mkuu. Nilikiwasha, nikakizungushia kitambaa kibichi kama maelekezo yalivyosema, nikabonyeza. Kilisoma 8.2 nikafurahi.

#23 Mwalimu_wa_Mole
Basi kinakudanganya kwa kuzidisha karibu asilimia 15. Ile 6.1 ya jioni ilikuwa kama 5.3. Kila siku umekuwa unaamini una akiba ambayo huna.

#24 Fundi_Boya
Nimesahihishwa, na nimejifunza. Asante mwalimu. Nina wateja wawili inabidi niwapigie leo.

#25 Hoja_Kinzani
Mnaniambia kifaa hakijui saa, hakijui mwinuko, halafu tuamini kwamba si sumu? Mmesahau Mto Mara, Machi 2022. Samaki walikufa eneo la daraja la Kirumi, wananchi wanalia, kamati ya serikali ikaja na mavi na mkojo wa mifugo na mimea iliyooza. Nchi nzima ilishangaa. Kila mara jibu ni "oksijeni imepungua". Oksijeni haipungui yenyewe, kuna mtu ameipunguza.

#26 Mwalimu_wa_Mole
Sentensi yako ya mwisho naikubali kwa mikono miwili. Oksijeni ni jibu la swali "wamekufa kwa nini", bado kuna swali la "ni nini kimeila". Kuhusu Mara, sikutetei wala sikupingi, sikuwepo na kipimo. Ninachojua, upande wa Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000 kwenye mfumo wa mto huo, na watafiti waliweka vihisi majini kwa miaka mitatu. 2018 wakachapisha: mvua ikisukuma ghafla kinyesi kilicholala kwenye madimbwi ya viboko, oksijeni inaanguka na samaki wanakufa. Bila vihisi vilivyokaa majini usiku na mchana, nani angeamini kiboko anaweza kuua samaki?

#27 Hoja_Kinzani
Viboko sawa. Ila wasiwasi wa watu wa Mara kuhusu migodi haukutoka hewani. Namba ya oksijeni haisemi lolote kuhusu metali.

#28 Fundi_Boya
Hilo ni kweli kabisa. Kihisi cha oksijeni kinajibu swali moja tu.

#29 Mwana_Goma
Jambo kwenu wote. Sisi huku Kivu tunaishi na maji yasiyo na oksijeni chini yetu kila siku. Ziwa kubwa, ukishuka kama mita 60 hivi, hakuna oksijeni tena, kuna gesi. Na kuna Ghuba ya Kabuno, upande wa kaskazini magharibi, imetengwa na ziwa kwa mwamba wa chini. Pale oksijeni inaishia kama mita 10 tu. Mvuvi wa Kabuno anajua kabisa wavu usishuke zaidi ya hapo. Kwenye nchi kavu tunayo mazuku, yale mabonde yenye hewa mbaya, na wazee wanawafundisha watoto wasikae humo alfajiri wakati hewa imetulia. Alfajiri tena, mnaona?

#30 Msomaji_Kimya
Nilikuja kusoma kuhusu sato, sasa nimefika Kabuno. Uzi huu usifungwe.

#31 Nyar_Nam
Mleta uzi, swali la mama mwenye vizimba: nyavu za cha tano na cha sita uliziosha lini?

#32 Kizimba_Namba_Sita
Nimeuliza vijana. Miezi miwili imepita. Vile vingine vilioshwa mwezi uliopita, hivi viwili viliachwa kwa sababu kamba ilikuwa imekwama. Na viko katikati ya mstari.

#33 Nyar_Nam
Mimi nimepoteza hivyo hivyo. Utando ukiziba matundu, maji hayapiti, samaki wanavuta hewa ile ile usiku kucha. Na umekaa eneo moja miaka mingapi? Chakula kilichoanguka chini kinaoza pale pale chini yao. Mimi nahamisha kila baada ya msimu.

#34 Kizimba_Namba_Sita
Miaka mitatu hapo hapo.

#35 Babu_Sangara
Haya, tuna nyavu chafu, tuna mwani, tuna tope, tuna maji kugeuka, na Hoja ana sumu yake. Mgonjwa mmoja waganga watano.

#36 Fundi_Boya
Niongeze mganga wa sita: kihisi chenyewe. Mkuu, kitoe, kipige picha.

#37 Kizimba_Namba_Sita
Nimekitoa leo. Wakuu, sikutegemea. Kioo kidogo cha mbele, ukubwa wa kifungo cha shati, kimefunikwa na utando wa kijani wenye ute. Kuna konokono wawili wadogo kama punje ya mtama wamejibanza kwenye ukingo. Nimefuta kwa kidole, kidole kimenuka tope. Kilikuwa majini siku 24.

#38 Fundi_Boya
Ndicho nilichoogopa. Utando ule ni mwani unaoishi. Mchana unatoa oksijeni pale pale kwenye kioo, kifaa kinasoma juu kuliko ziwa. Usiku unaivuta, kinasoma chini kuliko ziwa. Kwa hiyo 0.9 yaweza kuwa 2 kwa ukweli. Samaki wamekufa, hilo halina ubishi, na chini ya 3 sato anateseka. Lakini ukubwa wa anguko hatuujui.

Huku joto letu linakuza utando haraka. Wenzetu wa baridi wanaweza kukaa wiki kadhaa, mimi nawaambia wateja wasipitishe siku 7. Kuna vyenye brashi inayojifuta yenyewe, bei yake inauma. Kipande cha shaba kuzunguka kichwa cha kihisi kinapunguza pia, kwa sababu viumbe hawaipendi shaba. Ila shaba nayo inaibiwa. Boya langu moja lilirudi halina shaba, halina paneli ya sola, limebaki na kamba.

#39 Mbeba_Boksi_RI
Hata huku mafundi wanapanda boti mara kwa mara kubadilisha vihisi na kulinganisha cha zamani na kipya kabla ya kukitoa, ili wajue kimepotoka kiasi gani. Kazi kubwa ya mtandao ni kusugua.

#40 Mwalimu_wa_Mole
Pia msiidharau njia ya Winkler, ya tangu 1888. Ni kupima oksijeni kwa chupa, kemikali chache, na mkono mtulivu. Nafanya na wanafunzi wa kidato cha sita. Ukipata jibu la chupa sambamba na la kihisi mara moja kwa mwezi, utajua nani anasema kweli.

#41 Kizimba_Namba_Sita
Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa.

Sikwenda polisi. Nilikwenda kwa majirani wawili wenye vizimba, na kwa mmoja wa wale wa dagaa ambaye tuligombana. Nikawaonyesha faili. Huyo wa dagaa akaniambia wao nao usiku ule waliona dagaa wachache mno, wakahama kabla ya alfajiri, na kwamba wangeniita kama ningekuwa mtu wa kuitika. Nimeyapokea.

Tumechanga. Sasa tuna vihisi vitatu: kimoja mita 1, kimoja mita 3, kimoja mita 6 karibu na tope. Vyote vimesawazishwa kwa mwinuko wa hapa na saa ya hapa. Zamu ya kusugua ni Jumatano na Jumamosi. Nyavu zote zimeoshwa. Chakula cha jioni tumekisitisha, maana samaki aliyeshiba anataka oksijeni zaidi. Ikishuka chini ya 3, simu tatu zinalia.

Usiku wa jana, saa kumi na moja kasoro robo alfajiri: mita 1 ilisoma 4.4, mita 3 ikasoma 3.8, mita 6 ikasoma 0.6. Joto la juu 25.3, la chini 24.2.

#42 Babu_Sangara
Si niliwaambia? Maji mabaya hayo yako chini yamelala. Upepo mmoja tu.

#43 Mwalimu_wa_Mole
Babu, au ni tope la miaka mitatu ya chakula linalokula oksijeni pale pale chini ya vizimba. Ili tujue, kingine kiwekwe mita 6 mahali pasipo kizimba, mita 300 pembeni. Kama na huko ni 0.6, ni ziwa. Kama ni 3, ni tope lako.

#44 Hoja_Kinzani
Na mpeleke sampuli ya samaki maabara. Najua mmechoka nami, ila mpeleke.

#45 Kizimba_Namba_Sita
Sampuli ziko kwenye friji tangu siku ile, Hoja. Nitazipeleka Jumatatu. Na yule wa dagaa amekubali tufunge kihisi cha nne kwenye boya lake, mita 400 kutoka kwangu. Anauliza tu kama taa zake zitakisumbua.

#46 Fundi_Boya
Hazitakisumbua. Mwambie asikifunge kwenye kamba ya nanga, kitazunguka na kugonga. Kiwe na kamba yake na jiwe lake.